Tucheze kwanza na maharagwe, kabla ya kucheza na feza ya watu

Leo nataka kueleza jambo moja ambalo, kama ningelijua mapema, lingeniokolea dola 310. Na si dola zangu. Njo maana bado zinaniuma.

Nilimaliza lisansi ya uongozi wa biashara hapa kwetu Kindu. Silabusi nilizijua. Ungeniamsha usiku wa manane na kuniuliza tofauti ya debi na kredi, ningekujibu bila kufungua macho. Memwari yangu ilipata maksi nzuri. Mama mdogo wangu, anayeuza mchele na mawese sokoni, alifurahi kuliko mimi mwenyewe. Akafungua sanduku lake, akahesabu dola 500, akaniwekea mkononi: "Mwana wangu, weye njo umesoma. Kamata hii feza, uizalishe."

Nikaagiza sabuni, sukari na chumvi kutoka Kisangani. Mnaijua ile njia. Kutoka Kisangani mzigo unapita nchi kavu hadi Ubundu, kwa sababu ya maporomoko, halafu unapanda mto Lualaba kama kilomita 300 mpaka kufika kwetu. Mali na usafiri vyote vilinila dola 440, mkononi zikabaki 60. Ndani ya wiki tano nikauza kila kitu: dola 530 taslimu, na dola 90 kwa deni. Nikajumlisha 530 na zile 60, nikaona 590. Bandugu, nilijiona tajiri! Nikanunua simu ya dola 120. Nikatoa 110 kwa harusi ya rafiki na masomo ya mdogo wangu. Zikabaki 360.

Wakati huo huo mizigo ikachelewa mtoni. Sabuni ikapotea Kindu nzima. Wateja wakawa wanabisha mlango asubuhi: "Sabuni iko?" Nikasema, huu ndio wakati. Nikachukua mali ya dola 240 kwa deni, nikaongeza zile 360 zangu, nikaagiza mzigo wa dola 600. Sikujua kwamba kila mwenye duka alikuwa anafikiri kama mimi, siku ile ile, mbele ya wateja wale wale. Mizigo yote ikafika karibu pamoja. Bei ikaanguka. Sukari yangu ikapigwa na mvua. Nilikaa miezi mitatu nikiuza kwa hasara mpaka nikapata dola 430. Nikalipa zile 240 za watu. Zikabaki 190.

Kutoka 500 mpaka 190. Na lisansi iko ukutani.

KOFIA ZA KARATASI

Mwaka uliofuata nilialikwa kwenye mafunzo ya siku mbili katika ukumbi mmoja wa Mikelenge. Mkufunzi aliingia akiwa na magazeti ya zamani, mkasi mmoja na mfuko wa maharagwe. Hakuwa na kompyuta wala silabusi. Akatugawa katika vikundi vya watu wanne na kutuambia kwamba kila kikundi ni karakana ya kofia, maharagwe ndiyo feza, na kila nusu saa ni wiki moja ya biashara.

Mimi nikacheka. Miaka yote ile ya masomo, halafu leo nikunje kofia za karatasi kama mtoto wa shule ya msingi?

Nitaeleza mchezo wenyewe ili mwone kwa nini niliacha kucheka.

Kila kikundi kinapewa maharagwe 30 kama mtaji. Mwanzo wa wiki mnanunua karatasi, moja kwa maharagwe 2. Katikati ya wiki mnakunja kofia. Mkufunzi ndiye soko: anakagua kila kofia, zilizopinda anazitupa, na nzuri ananunua kwa maharagwe 4. Nyingine anachukua kwa deni. Jumamosi mnalipa kodi ya meza, maharagwe 5, na mnatoa chakula cha nyumbani, maharagwe 6. Kisha wiki nyingine inaanza.

Kikundi chetu tulinunua karatasi 10, yaani maharagwe 20. Tukabaki na 10. Tukakunja kofia 10, zote nzuri. Soko likanunua 8 taslimu, tukapata maharagwe 32, na 2 likachukua kwa deni. Mkononi sasa tuna 42. Tukapiga makofi! Mwenzetu mmoja akasema, "Wiki ijayo tununue karatasi 20, tumalize soko." Hakuna aliyepinga. Tukalipa 40 hapo hapo, ili vikundi vingine visituwahi. Tukabaki na maharagwe 2.

Jumamosi ikafika. Kodi ni 5.

Mkufunzi akanyoosha mkono kwenye meza yetu. Tukamwonyesha karatasi zetu 20 na deni letu la kofia 2. Akatikisa kichwa: "Mwenye nyumba hapokei karatasi. Mtoto nyumbani hali deni." Akafunga karakana yetu katika wiki ya kwanza, mbele ya watu wote. Tulikuwa wasomi wanne, wawili wa uchumi, na tumefilisika kwa maharagwe 3.

Sasa tuangalie hesabu vizuri. Tuliuza kofia 10 kwa 4, ni 40. Toa karatasi 20, toa kodi 5: faida ni 15. Hiyo ni faida ya kweli, biashara haikuwa mbaya. Lakini kati ya hizo 15, maharagwe 8 yalikuwa kwa mteja wa deni, na 6 ni ya chakula cha nyumbani. Kilichoongezeka mkononi ni harage moja tu. Kama tungelipa kodi na chakula kabla ya kununua, tungekuwa na 31 taslimu, tungenunua karatasi 12 au 13, na tungeendelea kuishi.

Faida ni kitu kimoja, na feza iliyo mkononi ni kitu kingine. Hili liko kwenye silabusi, tena kwenye kurasa za mwanzo. Nililijibu kwenye mtihani na nikapata maksi zote. Lakini siku ile niliposhika zile dola 590, mkono haukukumbuka silabusi. Kwenye mtihani hakuna mtu anayenyoosha mkono kudai kodi, na ukikosea unapoteza alama mbili tu. Mchezo unakupa kosa lenyewe, ulifanye kwa mikono yako, uone aibu kidogo, halafu urudie bila kumuumiza mtu.

MICHEZO HII ILITOKA WAPI?

Baadhi yenu mtasema ni mambo ya mradi tu. Hapana. Kufundisha biashara kwa kuiigiza ni jambo la zamani. Marekani vyama vya wakuu wa makampuni na vyuo vikuu vilianza kuitumia kwa nguvu katika miaka ya 1950, wakichukua mfano kutoka jeshini, ambako maofisa walikuwa wakipigana vita mezani kabla ya kupigana porini. Huko Ujerumani na Austria kuna kampuni za mazoezi: wanafunzi wana ofisi, wana faktura, barua na mishahara, wananunua na kuuziana kampuni kwa kampuni, lakini bidhaa na feza ni za kuigiza. Austria waliingiza jambo hili katika masomo ya shule zao za biashara. Hebu fikirini kama option zetu za komersiale zingefanya hivyo, shule ya Kasuku ikiuziana na shule ya Alunguli!

Na huu mchezo wa karakana una ndugu mkubwa anayejulikana Afrika. Shirika la Kazi Duniani, lile tunaloliita OIT, lina mafunzo ya wafanyabiashara wadogo ambayo katika nchi za Kifaransa yanaitwa GERME. Mizizi yake ni Sweden ya miaka ya 1970, na leo yametumika katika nchi zaidi ya 100. Ndani yake kuna mchezo wa biashara ambao mtu anaweza kuucheza hata kama hakusoma sana. Haukutengenezwa kwa ajili ya wenye diploma. Kumbe sisi wenye diploma nasi tunauhitaji.

SABUNI ZA LUALABA

Siku ya pili tulicheza mchezo mwingine. Huu ndio ulionikalisha kimya.

Ulibuniwa katika chuo cha MIT, Marekani, karibu na mwaka 1960, na kikundi cha profesa Jay Forrester. Kwao unachezwa na kreti za bia. Sisi katika ukumbi tulikuwa na Waislamu wengi, basi mkufunzi akaweka sabuni. Na badala ya majina ya kizungu akaweka njia yetu wenyewe: wa kwanza ni mwenye duka la Alunguli, wa pili ni depo ya Kindu, wa tatu ni mfanyabiashara wa jumla wa Kisangani, wa nne ni kiwanda. Mimi nilikuwa depo ya Kindu.

Sheria ni hizi. Kila mmoja anaanza na maboksi 12 ya sabuni. Kila wiki mwenye duka anafunua kadi moja, kadi hiyo ndiyo mteja: inasema maboksi mangapi yanatakiwa. Anauza, halafu anaandika oda kwenye kikaratasi kwa depo. Depo inatuma mali kwa duka na kuandika oda yake kwa Kisangani. Kisangani inaandika kwa kiwanda. Oda ikitoka inachukua wiki mbili kufika, na mzigo ukitumwa unachukua wiki mbili njiani. Ni marufuku kuzungumza. Vikaratasi tu. Boksi likilala kwako wiki moja, unalipa nusu harage. Ukikosa boksi la kumpa mteja, unalipa harage zima, na deni la boksi hilo linabaki juu yako.

Unaona? Ni Kindu yenyewe. Oda inashuka, mzigo unapanda, na katikati kuna mto.

Wiki za kwanza kila kitu kilikuwa shwari. Oda za duka zilikuja 4, 4, 4. Baadaye ikaja 8. Halafu 12. Nikaona akiba yangu inayeyuka. Nikaagiza 15 Kisangani, yakaja 4. Nikaagiza 20, yakaja 6. Nikaanza kumchukia ndugu wa Kisangani, nikamkazia macho ng'ambo ya meza. Nikasema moyoni, huyu ananificha mali. Nikaagiza 25 ili nikipata nusu inifae. Baadaye nilikuja kuona kwamba yeye, kwa hofu ile ile, alikuwa ameagiza 40 kiwandani.

Halafu mzigo ukaanza kufika. Kumi na tano. Ishirini. Ishirini na tano. Duka halitaki tena, limejaa. Mimi nimejaa. Nikaandika oda sifuri, wiki baada ya wiki, na maboksi bado yanapanda mto kunifuata, kwa sababu mimi mwenyewe niliyaita. Maharagwe yangu yakaisha kwa kulipia maboksi yaliyolala.

Mkufunzi akasimamisha mchezo. Akatugawia karatasi, akatuambia: "Chora jinsi mnavyofikiri mteja alivyokuwa ananunua." Sote tulichora milima, unapanda, unashuka, unapanda tena. Kisangani alichora mlima mkubwa kuliko wote.

Ndipo akageuza zile kadi za mteja moja moja juu ya meza. Nne, nne, nne, nne. Kisha nane. Nane. Nane. Nane mpaka mwisho. Mteja alibadilika mara moja tu katika mchezo mzima. Milima yote ilikuwa yetu.

Ukumbi ulikuwa kimya. Mimi nilikuwa naona ile sukari yangu iliyolowa mvua.

Profesa mwingine wa MIT, John Sterman, alikusanya matokeo ya vikundi vingi vilivyocheza mchezo huu na kuyatoa mwaka 1989. Vikundi hivyo, wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu na wakuu wa makampuni, kwa wastani walijitia gharama karibu mara 10 ya ile ambayo ingetosha. Na kosa kubwa lilikuwa lile lile langu: watu wanahesabu mali iliyo ndani ya nyumba, wanasahau mali waliyokwisha kuiagiza na ambayo iko njiani. Wanaona rafu tupu, wanaagiza. Kesho rafu bado ni tupu, wanaagiza tena kitu kile kile.

Basi mtu wa Kindu hakuwa mjinga peke yake. Ila kwetu ni hatari zaidi, kwa sababu njia zetu ni ndefu. Njia ikiwa ndefu, oda ya hofu inakaa muda mrefu kabla ya kukurudia. Na inakurudia siku ambayo umeshaisahau.

MCHEZO HAUJUI KILA KITU

Sitaki mtu aondoke hapa akifikiri kwamba kofia na sabuni zinatosha. Mchezo una uongo wake. Maharagwe hayana machozi. Ukifilisika saa nne, saa sita unakula bugali na sombe pamoja na wenzako mkicheka. Na kwenye mchezo ule wa kwanza, mteja wa deni ni mkufunzi, unaweza kumwambia hapana. Katika maisha mteja wa deni ni shangazi yako, na amekulea.

Kwa hiyo mimi na wenzangu wachache, tulipoanza kuuchezesha wenyewe, tuliongeza kadi za mkasa. Kila wiki ya mchezo kikundi kinafunua moja. "Shangazi anataka kofia 2 kwa deni." "Kuna msiba, toeni maharagwe 4." "Mvua, mzigo unachelewa wiki moja." "Kodi ya meza imepanda." Mwanzoni vikundi vilikuwa vinakufa kama nzi. Baada ya kucheza mara mbili, tatu, tukaona watu wanabuni dawa wenyewe. Kikundi kimoja kilitenga maharagwe 3 kila wiki kuwa ya jamaa: yakiisha, jibu ni "rudi wiki ijayo," na hakuna ugomvi. Kingine kilijipangia mshahara, hawagusi kitu kingine. Hakuna aliyewafundisha.

Jambo la pili: mchezo bila mazungumzo ya mwisho ni mchezo wa watoto. Ukicheza saa mbili, kaa chini saa moja nzima. Maswali yetu ni matatu. Nini kilitokea? Ulikuwa unafikiri nini wakati ule? Katika maisha yako, wapi umeshafanya hivi? Swali la tatu ndilo linalowafanya watu wavue viatu. Mimi hapo ndipo nilipoeleza kwa mara ya kwanza habari ya dola 500, mbele ya watu.

Jambo la tatu ni daftari. Kila kikundi chetu kinaandika: kilichoingia, kilichotoka, na kinachodaiwa. Watu wanaona ni usumbufu. Lakini kumbukeni kwamba nchi yetu imo katika OHADA tangu mwaka 2012, na sheria yake ya biashara inamjua hata mfanyabiashara mdogo kabisa. Ukijiandikisha kama mjasiriamali mdogo, hawakudai mahesabu makubwa kama ya kampuni. Wanakudai kitabu cha kila siku: feza imetoka wapi na imekwenda wapi, ukitenganisha taslimu na njia nyingine za malipo, na ukihifadhi kitabu hicho kwa miaka isiyopungua 5. Mtu aliyezoea daftari la maharagwe, kitabu hicho hakimtishi.

MAMA MDOGO MEZANI

Jumamosi moja tulikuwa na pengo, mtu wa depo hakuja. Mama mdogo alikuwa ameniletea funguo ya nyumba. Nikamwomba aketi. Alikataa mara mbili: "Miye sikusoma, mutanicheka." Akaketi.

Akatoa kaye yake ndogo, ile ya sokoni. Akachora mistari miwili. Upande mmoja akaandika maboksi yaliyo nyumbani. Upande wa pili, yaliyo njiani. Kila alipotaka kuandika oda, alikuwa anajumlisha pande zote mbili kwanza, midomo ikicheza polepole. Oda zilipopanda, sisi wasomi tukaanza kuandika 18, 22, 30. Yeye aliandika 8, 10, 9, 8. Wiki kadhaa alidaiwa, akalipa maharagwe yake ya deni bila kulalamika. Mwisho wa mchezo, depo yake ilikuwa imepoteza kidogo kuliko wote mezani.

Nikamuuliza alijuaje. Akanitazama kama ninayemuuliza alijuaje kusonga bugali.

"Mzigo yenye iko mu njia ni ya kwangu tayari," alisema. "Chakula iko ku moto, utapika ingine ya nini?"

Nikanyamaza kidogo, halafu nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nalo kooni tangu zamani: "Mama, sasa kwa nini haukuniambia ile siku?"

"Haukuniuliza," akajibu. "Na miye nilizani kule mu masomo banafundisha ile."

Bandugu, hapa ndipo penye jambo lote. Yeye aliniheshimu kwa sababu ya karatasi yangu, akanyamaza. Mimi niliiheshimu karatasi yangu kuliko yeye, sikuuliza. Kati yetu zikapita dola 310. Silabusi haikuwa na kosa, na mama mdogo hakuwa na kosa. Kilichokosekana ni mahali ambapo elimu yake na elimu yangu zingekaa meza moja na kukosea pamoja, kwa maharagwe.

KWA HIYO TUFANYE NINI?

Ninapendekeza kwamba chama chetu kiweke Jumamosi moja kila mwezi kwa ajili ya mchezo huu. Vifaa si vingi:

1. Maharagwe kilo moja, magazeti ya zamani, mkasi, vikaratasi vya oda na kadi za mteja na za mkasa, ambazo tunaziandika kwa mkono.
2. Watu 12 mpaka 20. Kwa mchezo wa kofia, vikundi vya watu wanne. Kwa mchezo wa sabuni, kila mnyororo una watu wanne, na unaweza kuwa na minyororo miwili au mitatu ukumbi mmoja.
3. Mtu mmoja wa kuongoza, ambaye amecheza angalau mara mbili na anaweza kufunga mdomo. Kazi yake si kufundisha wakati watu wanacheza. Akianza kutoa ushauri katikati, amewaibia kosa lao.
4. Saa tano: mbili za kofia, mbili za sabuni, moja ya mazungumzo. Kama muda ni mfupi, acheni mchezo mmoja. Mazungumzo msiyaache.
5. Kila mara, tualike angalau wafanyabiashara watatu wa sokoni. Na tusiwaweke mbele watoe hotuba. Waketi mezani, wacheze nasi.

Kwa wale wanaosubiri kupata mtaji kutoka kwa mzazi, kwa likirimba au kwa mradi, ombi langu ni moja: cheza kwanza mara tatu. Ukifilisika mara zote tatu, ushukuru Mungu, umepata elimu ya bure. Na wale wanaofundisha kati yetu, chukueni saa mbili tu katika muhula mzima muwape wanafunzi maharagwe kabla ya kuwapa zoezi la debi na kredi. Zoezi litaeleweka haraka zaidi, kwa sababu watakuwa na kitu cha kukumbuka.

Mimi bado ninalipa. Nimesharudisha dola 180, zimebaki 130. Mama mdogo hajawahi kudai hata siku moja, lakini kila nikimpelekea anaandika kwenye kaye, upande wa kilichoingia, na ananionyesha jumla. Duka nimefungua tena, dogo, Alunguli ng'ambo. Juu ya meza yangu kuna daftari lenye mistari miwili: iliyo nyumbani, na iliyo njiani.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, nitakuwa na kilo moja ya maharagwe. Anayekuja aje na daftari, na kama ana mama wa soko nyumbani kwake, aje naye.